Rakija ya Kupangusia Vitasa

Kila Tihomir aliposhika kitasa cha mlango, mkono wake ulirudi ukinuka rakija.

Aliyevipangusa vitasa ni mama yake, Vidosava. Dawa ya kuulia virusi vya korona ilikuwa imeadimika mji mzima wa Čačak, na stoo kulikuwa na dumu la kioo la rakija ya plamu, pombe aliyoipika marehemu baba, kali ya kuunguza koo. Basi kila asubuhi alilowesha kitambaa akapangusa vitasa, swichi, meza, hata rimoti.

"Mama, nimekuomba. Tumia kitu kingine."

"Hii ya mikono, si ya mdomo. Au siku hizi unakunywa kwa ngozi?"

Tihomir alimeza hasira. Tangu kiangazi kilichopita hakuwa ameonja hata tone. Kilichomshikilia ni klabu ya walioacha pombe, ambako kila mmoja huja na mtu wa nyumbani kwake. Vidosava hakuwahi kukanyaga huko. "Kwetu hakuna mgonjwa," alisema siku zote. Sasa klabu imefungwa, kiwanda anachofanyia kazi kimefungwa, naye amefungiwa ghorofa ya nne na mama ambaye, kwa umri wake, serikali ilimkataza hata kushuka ngazi. Usiku halali.

Alhamisi hiyo klabu ilikutana kwa simu. Tihomir aliiweka simu mezani jikoni, sauti juu, mama akimenya viazi huku amempa kisogo.

"Tihomir, hali?" aliuliza Zdravko, fundi viatu aliyeiongoza klabu.

"Salama." Kisha akachoka na hiyo salama. "Si salama. Leo nimelamba mkono wangu."

Kisu cha mama kilisimama. "Umelamba nini?"

"Mkono, Mama. Baada ya kufungua mlango. Halafu nikakishika kitasa tena, makusudi."

"Kama ndama! Na unayasema mbele za watu!"

"Hapa ndipo pa kuyasemea, mama," Zdravko alisema. "Mimi nilikunywa manukato ya mke wangu."

"Angalau ulinukia?" mama akamuuliza.

Simu nzima ikacheka. Vidosava hakucheka. "Sasa nipangusie nini? Mate?"

"Sabuni ya kufulia inatosha, mama."

"Sabuni iishinde rakija ya mume wangu!" Akageuka, akamwona mwanawe akikitazama kitasa cha mlango. Sauti yake ikashuka. "Unaitaka hata sasa?"

"Naitaka."

"Mimi nimesimama hapa?"

"Hata ukiwa umesimama hapo."

Aliweka kisu chini, akaingia stoo. Dumu likasikika likiburutwa.

"Ngoja nikusaidie, ni zito..."

"Usiliguse!" alifoka. "Nenda roshani, funga mlango. Usiingie mpaka nikuite."

Tihomir akatoka na simu yake. Kupitia dirisha la bafu ilisikika rakija ikimwagwa chooni, na mama akitukana: korona, serikali, marehemu kwa kupika nyingi hivyo, na yeye mwenyewe Tihomir. Kisha ikaja harufu, nzito kuliko siku zote. Mate yakamjaa mdomoni.

"Zdravko, upo?"

"Nipo. Nitajie unachokiona."

"Mtu na mbwa. Mbwa kajilaza kwenye lami, hataki kwenda. Mwenye mbwa anaruhusiwa kutoka nje, basi jengo zima linaazimana huyo huyo."

"Maskini. Endelea."

Tihomir aligonga kioo. "Mama! Bado?"

"Bado! Kaa hapo hapo!"

Akakaa, ameushika ukingo wa roshani kwa mkono mmoja, akimsimulia Zdravko habari za mbwa.