Ukoo wa Kamba

Jikoni kwake, shangazi hakuwahi kumuuliza mtu kitu. Alikuwa mwoka mikate, na alipoanza kufuga nyenje kwenye makreti nyuma ya nyumba, akawakausha na kuwasaga unga wa biskuti, majirani walimcheka mpaka walipozionja. Sasa wanapanga foleni.

Siku moja binti wa kaka yake, mwalimu wa sayansi, alimleta mchumba wake nyumbani, fundi saa mwenye haya nyingi. Shangazi alikuwa ameshaonywa kwamba kijana akila kamba wa baharini koo linavimba na pumzi inakata. Mara ya mwisho aliponea chupuchupu hospitalini. Basi kamba wakabaki kwenye friji, mezani ikaletwa sahani ya biskuti.

Fundi saa akachukua moja. Mwalimu akamshika mkono.

"Shangazi, hizi si za nyenje?"

"Za nyenje, tena nimewajaza."

"Basi asile. Nyenje na kamba ni ukoo mmoja."

Shangazi akacheka. "Huyu wa baharini, huyu wa nchi kavu. Wapi na wapi?"

"Wote hawana mifupa, wamevaa gamba kwa nje. Miguu yao ina viungo, miili yao pingili pingili, na wakitaka kukua lazima wajivue. Koo lake haliulizi nani anaishi wapi."

Ilimkera shangazi. Kuambiwa chakula chake ni sumu, tena mbele ya mkwe mtarajiwa! Akainuka kwenda jikoni kumaliza ubishi huo. Akaweka kamba mmoja kwenye sinia, na nyenje mkavu kando yake.

Akawainamia. Wote wana vipapasio usoni. Wote pingili za tumbo zimepandana kama vigae. Akammenya kamba kwa ukucha, kama alivyofanya miaka yote, na ndipo akakumbuka yale maganda matupu anayofagia kwenye makreti, yamepasuka mgongoni, miguu yote ipo, mwenyewe katoka. Kumbe nao hujivua.

"Lakini huyu ana miguu sita, huyu kumi," alisema kwa sauti, akijitetea.

Mwalimu akageukia mlango wa jikoni. "Ndiyo maana ni binamu, shangazi, si wa tumbo moja."

Shangazi akatoka mbio. Fundi saa, kwa kuona aibu kumkosea heshima mwenyeji, alikuwa ameshaifikisha biskuti mdomoni. Shangazi akaupiga mkono wake, biskuti ikaruka hadi chini ya kabati.

"Hapa kwangu mgeni hajawahi kunyimwa chakula," alisema. "Wewe nakunyima. Umenitisha, mwanangu."

"Samahani, shangazi."

"Samahani ya nini? Kaa. Nakukaangia mayai. Kuku hana udugu na hawa."

Akarudi jikoni, akalishika yai juu ya kikaango, tayari kulipasua. Halafu akachungulia sebuleni, akamtafuta mwalimu kwa macho.

"Au anao?"