Chombo cha Kiwanda Kikubwa

Mgane alifika makumbusho na chombo cha maua cha marehemu mkewe, amekifunga ndani ya sweta lake la kijani. Ofisi ya makumbusho ilikuwa imetangaza kwamba vioo vya zamani vya Bohemia, kule Ulaya, vile vinavyong'aa rangirangi kama mafuta juu ya dimbwi, viletwe vyote ijulikane vilitengenezwa na nani. Chombo kikiwa cha kiwanda kikubwa, kinabaki serikalini. Kikiwa cha watu wadogo, mwenyewe anaondoka nacho. Basi alikaa kwenye benchi akiomba kimoyomoyo kiwe cha mtu asiyejulikana. Ndicho kitu pekee cha mkewe ambacho shemeji zake hawakukibeba.

Mtathmini alikigeuza chini ya taa, akatafuta saini kitakoni.

"Hakina saini," alisema.

"Basi si chao."

"Vya kwao vingi havina saini, baba. Ndiyo dalili yenyewe."

Alipopuliza vumbi la ndani, pumzi iliyokuwemo ikatoka, na nyuma yake akatoka mpuliza vioo mwenyewe, mzee mwenye mashavu yaliyolegea kama mifuko mitupu. Alikuwa amekufa siku nyingi. Alisalimia, akaomba maji ya kunywa, akapewa.

"Hiki nilikipuliza mimi," alisema. "Karakana yetu ilikuwa ndogo, watu saba na tanuri moja. Ona ubavu huu ulivyovimba. Nilikohoa."

Mgane alishusha pumzi kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Mtathmini akamwita mkurugenzi, naye akashuka na kikombe chake cha kahawa.

"Una kitambulisho?"

"Nilizikwa nacho."

"Hiyo karakana iko wapi?"

"Iliungua."

"Sasa mzee wangu, unataka nikawaambie nini wakubwa? Kwamba nimesikia kwa marehemu?"

Mpuliza vioo alikitia chombo mdomoni, akapuliza. Kioo kikawa chekundu, kikalainika, kikarefuka kidole kizima. Kisha akakohoa, na ubavu wa pili ukavimba sawa na wa kwanza. Mkurugenzi alisubiri kipoe, akakipima kwa rula.

"Kazi safi namna hii haitoki kwa watu saba," alimwambia mtathmini. "Andika kiwanda kikubwa. Na urefu huu mpya."

Ndivyo walivyo hawa wenye viti. Chombo kikafungiwa kabatini, mgane akabaki na sweta.

Mpuliza vioo naye hakuwa na pa kurudi, maana kabati lilitiwa kufuli. Mgane akaenda naye nyumbani, akamtandikia kitandani, upande wa mkewe.

"Huko ulikotoka," alimuuliza, "hukumwona mama mmoja mfupi, ana mwanya, akicheka mtaa mzima unasikia?"

"Huko tuko wengi, ndugu yangu. Wafupi ndio usiseme."

Wiki iliyofuata gari la makumbusho lilikuja kumchukua akapulize vyombo vingine. Siku hizi linakuja karibu kila asubuhi. Vyombo vinapangwa kabatini, vyote vya kiwanda kikubwa, na mpuliza vioo anarudi jioni mwepesi kuliko alivyoondoka. Mgane humshika mkono ngazini asije akapeperuka, kwa kuwa akiisha huyu hakuna mwingine anayejua chombo kilitoka kwa nani.

"Umewauliza habari ya chombo changu?"

"Nimewauliza. Wanasema ulikitoa mwenyewe, kwa hiari yako."

Mgane akamwambia apumzike mapema, kesho gari linakuja.