Maelekezo kwa Kasiano

Kampuni yetu ilikua haraka kuliko akili zetu. Mwezi wa pili tulikuwa watu watatu ndani ya stoo ya mzee Asgarali, pale Nyamugari, mjini Gitega, tumekalia magunia ya mchele: Moez mwanawe, aliyeanzisha kampuni, Kasiano, mwenye pikipiki, na mimi Vumilia, mwenye diploma na mdomo. Mwezi wa kumi tulikuwa thelathini na mmoja, tuna viti vinavyozunguka, na cheo changu kilikuwa kimebadilika mara nne bila kazi yangu kubadilika.

Tulibeba mizigo ya watu kutoka Gitega hadi Muyinga. Kufika Muyinga ni rahisi, kazi ni kuipata nyumba. Mitaa mingi haina majina, nyumba hazina namba, na mteja ukimwuliza anakaa wapi anakwambia, "Njoo tu, utaniona." Basi mimi nilimhoji kila mteja kwa simu, Kasiano akinisimulia alichokiona huko, kisha nikaandika maelekezo yake kwa Kiswahili kilichonyooka. Nilikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, ambako mahema yote yanafanana. Najua kumwelekeza mtu.

Kwa mfano: "Geti la bluu, juu ya kanisa. Mwalimu mstaafu Adriano husimama mlangoni kama anasubiri kupigwa picha. Akikuuliza habari, zima injini kabisa, utachelewa." Au: "Duka la Anisia, nyuma ya soko, rangi ya samli. Mizani yake humpendelea mwenye duka."

Hayo yalikuwa ya Kasiano peke yake. Na Kasiano hakupotea. Siku mwalimu Adriano alipopata miwani yake mchana uleule ilipotoka Gitega, alinipigia akanisomea ukurasa mzima wa kitabu ili kunionyesha kwamba anaona. Niliuvumilia ukurasa wote. Kwa ajili ya simu kama ile niliipenda kazi hii.

Jumatatu Moez akaja na wazo. Mawazo ya Moez huja Jumatatu.

"Kila mteja apate mesaji," alisema kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifaransa. "Mzigo yako iko njiani, inakuja hapa na hapa. Automatiki."

"Hapa na hapa ataandika nani?"

"Mais, si we uliisha andika? Iko yote ndani ya mashine."

"Moez, yale ni ya Kasiano. Nipe siku nne niyasafishe."

"Siku nne! Dada, sisi tunakimbia."

"Tunakimbilia wapi na suruali haijafungwa?"

Alicheka, akabonyeza. Wateja mia sita na kumi na wawili wa Muyinga wakasoma jinsi tunavyowajua.

Jumanne asubuhi simu zililia zote pamoja. Anisia alitaka kujua ni nani huyo aliyeingia dukani kwake kupima mizani. Mwingine aliandikiwa "mbwa mkali, mke mkali zaidi", na aliyepiga alikuwa mke. Moez aliniita akiwa amesimama, viti vyote vinavyozunguka akiviacha.

"Ijumaa wageni wanatoka Bujumbura kutuona, kama wataweka franga zao hapa. We utaandika pardon, utie jina yako. Saa sita iende kwa wote. Kama hapana, rudisha simu ya kazi, kazi imeisha."

"Aliyebonyeza nani?"

"Aliyeandika nani?"

Nilikaa kuomba radhi, nikaandika "Wapendwa wateja". Nikafuta. Saa tano Kasiano akanitumia sauti yake kutoka Muyinga, nyuma yake watu wakicheka.

"Dada Vumilia, Anisia ametundika mizani mpya mlangoni, anasema uandike upya. Mwalimu anasema geti si bluu, ni kijani ya zamani, ila ile ya picha usiitoe. Halafu kuna watu hapa sokoni wananifuata, wanauliza kwa nini wao hawakuandikiwa kitu."

Nilimwekea Moez sauti ile. Aliisikiliza mara mbili.

"Bon. Inachekesha," alisema. "Lakini pardon tunaiandika. Kampuni kubwa inaomba pardon."

Saa sita kasoro nilituma kwa wote mia sita na kumi na wawili:

"Maelekezo mliyoyasoma niliyaandika mimi, Vumilia. Kwa sababu yake hakuna mzigo hata mmoja uliopotea Muyinga. Geti la mwalimu Adriano ni la kijani na mizani ya Anisia ni mpya, nimesahihisha. Asiyeyapenda yake atutumie mengine, mradi yamfikishe Kasiano mlangoni."

Kisha nikaiweka simu ya kazi juu ya meza ya Moez, kioo kikiwa juu. Alisoma, akavuta ukurasa chini kutafuta kilichobaki, akaupandisha tena.

"Vumilia, pardon iko wapi?"

"Haipo," nikamwambia. "Na haitakuwepo."