Pampu ya Kuazima

Katika nyumba ya Fundi Bomba, habari njema haikuwahi kutolewa ikiwa uchi. Ilivishwa kwanza nguo za msiba, ikapewa uso wa huzuni, ikasimamishwa mlangoni mpaka msikilizaji apauke midomo, ndipo ivuliwe. Fundi mwenyewe ndiye aliyeuanzisha mchezo huo. Siku wazee walipoikubali posa yake, alimwendea mchumba wake na kumwambia, "Nimekuja kukuaga. Mimi na wewe uchumba basi," akanyamaza mpaka machozi yakamlenga msichana wa watu, halafu akamalizia, "Wamesema tufunge ndoa." Msichana alimrushia kiatu. Kisha akaolewa naye, jambo linaloonyesha kwamba hata yeye kichwani hakuwa mzima sana.

Msichana huyo ndiye Mama Pindo, mshonaji wa mapazia, aliyepewa jina hilo kwa sababu pindo lake halikwenda upande hata kwenye kitambaa kinachoteleza. Watoto waliurithi ugonjwa wa baba yao. Binti alipofaulu mtihani alirudi nyumbani analia kwikwi. Kaka yake alipopata kazi aliingia na begi la mtu aliyefukuzwa. Ufundi wote ulikuwa kwenye kituo, yaani kile kimya kinachokaa kati ya neno la kwanza na kicheko, na hakuna aliyejua kukivuta kuliko Fundi. Mchezo ulikuwa na upande wa pili pia, ingawa hakuna aliyewahi kuutaja. Habari mbaya, katika nyumba ile, ilisemwa moja kwa moja, kwa sauti ya chini, bila mzaha.

Sasa binti yao alikuwa ameisubiri mimba miaka mingi, mpaka majirani wakachoka kuuliza. Siku alipopelekwa kujifungua, Mama Pindo alikaa kwenye cherehani yake dukani akishona, akifumua, akishona tena palepale. Mara Fundi akatokea mlangoni, spana mfukoni, kofia mkononi, mabega yameshuka.

"Mama Pindo, kaa chini."

"Nimekaa."

"Mtoto wetu..." alisema Fundi, akakivuta kituo.

Siku hiyo alikivuta mno. Akili ya Mama Pindo ilijua kabisa kwamba huu ni mchezo wa nyumbani. Moyo wake haukungoja kushauriwa. Kifua kilimbana, pumzi ikakata, mkasi ukamponyoka, naye akaufuata sakafuni.

Alipopata fahamu zake sawasawa alikuwa kwenye chumba cheupe, mguu mmoja umenyooshwa na kufungwa usikunjwe, na kando ya kitanda mashine yenye kioo ikiandika mistari isiyokwisha. Daktari, mama mmoja mfupi mwenye mikono ya joto, alivuta kiti akamweleza polepole. Mishipa ya moyo wake ni safi, hakuna kilichoziba. Ni mshtuko tu. Mshtuko mkubwa umeupiga moyo ganzi, ncha yake ikavimba kama puto na kusahau kazi. Mara nyingi moyo wa namna hii hupona wenyewe, lakini wake ulilegea kiasi cha kushindwa kusukuma damu.

"Kwa hiyo tumekutilia pampu ndogo," alisema daktari. "Imepitia mshipa wa paja mpaka ndani ya moyo. Inaivuta damu na kuirusha kwenye mshipa mkuu. Ni ya kuazima, mama. Inakushikia mzigo mpaka moyo wako uukumbuke."

Mama Pindo alishukuru. Lakini pampu haikuwa shida yake. Alikuwa na neno moja kifuani, akalitunza mpaka Fundi alipoingia.

"Mtoto?" aliuliza.

Fundi alitazama viatu vyake. "Pumzika kwanza, mke wangu. Tutaongea ukipona."

Mke wangu! Tangu waoane alikuwa akimwita bosi, au mkaguzi, au mama mkwe akiwa na hasira. Mama Pindo alihisi baridi ikimpanda kutoka miguuni.

Akaja mdogo wake, yule anayecheka hata matangani, akakaa ametulia kama maji ya mtungi, akawa analainisha shuka lisilo na mkunjo. Akaja mwanawe wa kiume na shati lililopigwa pasi, akaamkia, "Shikamoo, mama," kama mgeni, akasali, akaondoka kwa kunyata. Binti hakuja, na hakuna aliyelitaja jina lake. Mama Pindo alipiga moyo konde akaamua kuwapima.

"Fundi," alisema, "hii pampu yao, wewe ungeifungia wapi?"

Huu ulikuwa mpira uliowekwa mbele ya goli lisilo na kipa. Mtu aliyefunga pampu maisha yake yote anaambiwa kuna pampu imepita kwenye paja la mkewe, na yeye hana la kusema? Fundi alifungua mdomo. Akaufunga.

"Madaktari wanajua kazi yao," alijibu kwa upole.

Hapo Mama Pindo akajua. Binti yake amekufa, na kichanga chake pamoja naye, na hawa wote wanangoja apate nguvu za kuambiwa. Hakuuliza tena. Alijiambia kwamba jambo lisipotamkwa bado halijawa, akageuza uso ukutani, akalia bila sauti ili mashine isimsemee.

Mashine ilimsemea. Kila asubuhi daktari alikuja kuupiga moyo picha na kuipunguza pampu kidogo kidogo, na kila alipopunguza, mapigo yalikwenda mbio na presha ikaporomoka, ikabidi airudishe juu.

"Sikuelewi," alisema hatimaye, akikaa kitandani kabisa. "Kwenye picha moyo unaanza kuamka. Lakini kuna kitu kinaubana, na pampu hii siwezi kuiacha humo siku nyingi, italeta mengine. Mama, una nini?"

Mama Pindo alimtazama. "Mwanangu mlimzika lini?"

"Nani kafa?" aliuliza daktari. Kisha akainuka, akafungua mlango na kumwita Fundi Bomba kwa sauti ambayo haikufaa wodi ile.

Fundi aliingia mbiombio, kofia mkononi.

"Mzee, mkeo hajaambiwa kuhusu binti yake?"

"Si wewe ulisema asishtuliwe? Kwa baya wala kwa zuri, ndivyo ulivyosema. Tukala kiapo pale koridoni, wote. Hakuna utani, hakuna habari, mpaka pampu itoke."

"Nilisema msimshtue. Sikusema mumfungie gizani! Mwambie sasa hivi."

Fundi alisimama wima kama shahidi mahakamani. "Mke wangu," alianza, kwa sauti ya chini, "binti yetu hajambo. Alijifungua salama kwa upasuaji. Ni mapacha, wa kike na wa kiume. Wote ni wazima."

Mama Pindo aliyasikiliza mpaka mwisho, halafu machozi yakamtiririka masikioni. "Ahsante, Fundi," alisema. "Mnanidanganya ili nife vizuri."

"Ni kweli tupu, mama!" alisema daktari.

"Daktari, wewe humjui huyu. Tangu nimfahamu hajawahi kuniambia jambo jema kwa uso huo. Uso huo niliuona mara moja tu, siku aliyofiwa na mama yake."

Fundi akaelewa. Kumbe siku zote hizi, kwa heshima na upole na mashati ya pasi, walikuwa wakimtangazia mgonjwa msiba! Alimgeukia daktari. "Naomba ruhusa nimwambie kwa lugha yake."

Daktari alitazama kioo, akaweka mkono kwenye mashine. "Haya. Lakini usivute."

Fundi alivaa kofia, apate ya kuvua. Akaivua. Akashusha mabega.

"Mama Pindo, kaa chini."

"Nimelala, mjinga wewe."

"Basi lala vizuri, maana habari ni mbaya. Wajukuu zako wamechukua masikio yangu. Wote wawili! Yule wa kike ndiyo usiseme. Mkunga amenionya nisiwatoe nje siku ya upepo, watapaa."

Mama Pindo alimkodolea macho. Aliyaangalia masikio yale makubwa aliyoishi nayo tangu ujana wake, akayaona kwenye kichwa cha kichanga cha kike, na kitu kikaanza kumtekenya chini ya mbavu. Uongo wa kumfariji mgonjwa ungewapa watoto sura nzuri.

"Mungu wangu," alisema, "masikio?" Akaangua kicheko mpaka kitanda kikatikisika.

"Mguu! Usikunje mguu!" alipiga kelele daktari, na yeye mwenyewe anacheka.

Simu ikatolewa, na usoni mwa simu akatokea binti, nywele timutimu, mzima, kichanga kila upande. "Mama, umetuweka roho mkononi!" alisema, na Mama Pindo akalia kilio kingine kabisa, cha furaha, kisichofichwa. Pembeni Fundi alikuwa amefunguka kama bomba lililopasuka. Amefunga pampu visimani, alisema, amefunga kwenye maghorofa, amefunga hata kwa bwana mmoja mfuga samaki, lakini ya kupitishwa kwenye paja la mke wa mtu hajawahi, na angependa kujua fundi wao analipwa kiasi gani.

Kesho yake daktari aliipunguza pampu. Moyo ukayumba kidogo, ukaendelea. Akaipunguza tena, akasubiri, na mistari kwenye kioo ikatembea kwa mwendo wa mtu anayekwenda dukani bila haraka. Ilipotolewa, Fundi aliomba kuiona. Aliinamia lile bomba jembamba kwenye trei kwa muda mrefu, akavua kofia kwa dhati, bila mchezo.

"Hii ndiyo iliyombeba bosi wangu?" alisema. "Ahsante, ndugu yangu."

Siku binti aliporuhusiwa kutembea alikuja na mapacha, na masikio kweli yalikuwa yale yale. Mama Pindo aliwapakata wote wawili huku mdogo wake akicheka mpaka anashika ukuta. Mlango ukafunguliwa, Fundi akaingia na chupa ya chai. Mama Pindo akakunja uso na kushusha mabega.

"Fundi," alisema kwa huzuni, "kaa chini."

Rangi ilimtoka Fundi, akaanza kupapasa kiti nyuma yake bila kukitazama. Binti na kaka yake wakabana pumzi wakingoja kituo, kwa sababu mama alikuwa na haki ya kukivuta mpaka jioni.

"Kesho narudi nyumbani!" alisema Mama Pindo, na Fundi alikuwa bado hajakifikia kiti.