Faili Alilolisafisha Clement

Ng'ombe wa Budeba walikuwa wameshaiacha Igurusi, wanakwenda kuuzwa mnadani Mbalizi. Mimi, mpita njia wa kwenda machimbo ya Makongolosi, nilikuwa nyuma na fimbo, kwa sababu njia yangu na ya wenye ng'ombe ilikuwa moja, na wao walikuwa na chakula.

Budeba hakutaka kuongea. Simu yake ilikuwa imepokea tahadhari ya mafuriko: huko juu, mto umefika mita kumi na saba. Akaamua auze zizi zima kabla maji hayajashuka Usangu, bondeni kwao. Na aliyeituma tahadhari ni binti yake, Violet, wa mradi wa maji Iringa.

Mkewe Kulwa, aliyeacha mpunga wake shambani, alikuwa hajanyamaza tangu tuondoke.

"Baba Violet, kile kifaa cha kupima mto, niliwapikia uji mafundi wakikifunga. Nguzo yake naigusa juu kwa mkono. Kimepimaje mita kumi na saba? Kilipanda mti?"

"Kompyuta haipandi miti."

"Basi mpigie mwanao."

"Nibishane na msomi niliyemsomesha mwenyewe?"

Kulwa akampokonya simu, akaweka sauti kubwa. Violet alisikiliza, kisha akamuunganisha Clement wa ofisi yao ya Mbeya. Tukasikia wote, na ng'ombe pia.

"Kaka Clement, lile faili la mto ulilonitumia, uligeuza sentimita kuwa milimita?"

"Niligeuza, dada."

"Mbona halisemi? Na mimi nimegeuza tena! Maji yamezidi mara kumi!"

"Programu iliandika yenyewe pale juu, nani kafanya nini na lini. Nikafuta. Maneno mengi, faili lilikuwa halipendezi."

"Halipendezi! Baba yangu yuko barabarani anauza ng'ombe!"

"Pole sana. Lakini si ulilikuta safi?"

"Kama anapenda usafi," Kulwa akasema kwenye simu, "aje azoe mavi huku lami."

Budeba alitazama ng'ombe, akatazama lami, akakwepa macho ya mkewe. "Geuzeni," akasema.

Ng'ombe walirudi wote, isipokuwa fahali mmoja aliyekuwa ameshauzwa Igurusi. Kulwa alivuna mpunga. Violet alilirudia faili kuanzia namba za kifaa, akaandika kila hatua, na kosa lake pia. Clement bado yuko Mbeya. Hafuti kitu siku hizi, hata meseji za matangazo. Budeba tahadhari anazisoma, halafu anamuuliza mkewe. Mimi sikurudi nao. Nilikwenda Makongolosi.