Makorongo Saba ya Suma

Mwenyeji njoo, mgeni apone. Najua methali haisemwi hivyo, na najua wapo watakaonung'unika kwamba nimeipindua. Lakini nimeyaona kwa macho yangu, hapa hapa Rungwe, Desemba iliyopita, na aliyepona ni yule mgeni.

Naitwa Asifiwe. Nina stashahada ya ualimu kutoka Mpuguso, somo la Kiswahili, na wakati nasubiri ajira nachapa barua na kutoa kopi katika kibanda kilicho jirani na soko la Tukuyu. Jumanne moja asubuhi nilikuwa nachapa tangazo la ndoa Fred aliponipigia simu. Fred ni kijana wa Dar es Salaam aliyeletwa kusimamia utafiti wa ndege katika vijiji vyetu.

"Asifiwe, kuna msala. Panda boda uje Suma sasa hivi, nahitaji mkalimani."

"Msala gani?"

"Baba yako mdogo ameua ndege wa Wazungu."

Nilisahau hata kufunga lile tangazo. Baba mdogo Amoni ni mwenyekiti wa kijiji hicho cha Suma, mtu ambaye kuku akichinjwa yeye huenda kukagua uzio. Njiani, nyuma ya pikipiki, Fred alinimalizia habari kwa simu. Miezi mitatu nyuma aliandika na kugawa dodoso la kuulizia korongo, yule ndege mrefu mweupe mwenye ncha nyeusi za mabawa, anayekuja kwetu mvua zikianza na kurudi Ulaya zikiisha. Kijiji cha Amoni kilijibu kwamba wapo saba, na kikaomba msaada wa kuwazika. Fred aliyageuza majibu kwa Kiingereza kwa simu yake na kuyatuma. Ulaya walisoma, wakashtuka, na mtafiti mkuu akapanda ndege.

"Akiandika kwenye ripoti yake kwamba kijiji kimeua saba, mzee wako kwisha," Fred alisema. "Jina lake litasomwa mpaka wizarani."

Niliwakuta nje ya ofisi ya kijiji. Mgeni alikuwa mama wa makamo, Dakta Renata, Mjerumani, macho mekundu kwa safari na kukosa usingizi. Baba mdogo alikuwa amevaa koti lake la kanisani, anatabasamu kama mtu aliyejibiwa maombi.

"Ndaga, mwanangu, ndaga fijo," aliniambia, akinishukuru kwa Kinyakyusa kabla sijafanya lolote. "Mwambie mama tulikuwa hatuna tumaini. Tumeandika barua tatu halmashauri, kimya. Yeye ametoka Ulaya kwa ajili ya makorongo yetu!"

Nilitafsiri. Dakta Renata akauliza kwa sauti ya chini, "Yalitokea lini?"

"Mawili ni ya zamani, tangu enzi za marehemu baba. Mengine matano ni ya juzi juzi, mvua zile kubwa. Twende nikawaonyeshe."

Tulishika njia ya kupita kwenye migomba. Baba mdogo alitangulia kwa mwendo wa haraka, akiongea bila kugeuka.

"La juu ndilo baya zaidi. Lilimmeza mbuzi wa Hosea mwezi wa tatu."

Fred alinisogelea. "Korongo kammeza mbuzi?"

"Na migomba yangu kumi na miwili," baba mdogo aliendelea. "Mwaka huu linaelekea kanisani."

"Mzee amechanganyikiwa," Fred alininong'oneza. "Halafu hawa wazee Kiswahili chao cha Kinyakyusa, upatanisho wa sarufi wanauharibu wote. Lilimmeza, linaelekea. Usitafsiri hayo."

Nilisimama katikati ya njia. Chuoni, Mwalimu Venance alitufundisha jambo moja ambalo sitalisahau hata nikizeeka. Alisema Kiswahili kina sheria yake ya viumbe, ya zamani kuliko bunge lolote: chenye uhai kipe heshima ya mtu. Kisu kinakata, lakini kiboko anaogelea, kifaranga analia, kipofu anaona njia kwa fimbo. Jina likiwa na sura ya kitu lakini ndani mna roho, tunalihesabu pamoja nasi. Na baba mdogo, anayesoma somo la Injili kanisani kila Jumapili, hajawahi kumwita ndege "hili".

"Fred," nilisema, "hilo dodoso lako unalo?"

Alilitoa kwenye begi. Swali la nne, kwa herufi nene: *Je, kijijini kwenu kuna makorongo mangapi?*

Mangapi. Si wangapi.

Na chini yake, mwandiko wa baba mdogo, ulionyooka kama matuta ya viazi: *Yapo saba. Tunaomba msaada wa kuyafukia.*

Hapo tukawa tumefika. Ardhi mbele yetu ilikatika ghafla, ufa mwekundu wenye kina kama kimo cha nyumba, mizizi ya migomba inaning'inia hewani, na chini kabisa mtiririko wa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Korongo. Lile linalochimbwa na maji.

"Hili hapa la kwanza," alisema baba mdogo, akifungua mikono.

Nilimweleza Dakta Renata taratibu. Nilimwambia neno letu ni moja kwa ndege na kwa bonde lililochimbika, na kinachotenganisha maana zake ni silabi moja mbele ya neno lingine. Dodoso lake liliuliza mashimo, na mwenyekiti akajibu mashimo. Hakuna ndege aliyekufa.

Dakta Renata aliketi pale pale kwenye udongo wenye unyevu, suruali yake safi na yote, akafunika uso. Nikadhani analia. Kweli alilia kidogo, halafu akaanza kucheka, na baba mdogo akacheka kwa kuwa mgeni anacheka, ingawa bado hakuelewa.

"Mwambie sikulala siku tano," alisema. "Mwambie nilikuja na mifuko ya kubebea mizoga."

Nilipomfafanulia baba mdogo, alipiga paji la uso. "Mwe! Kumbe mnawataka wale ndege? Si mngesema! Wale wapo bondeni, wanakula vyura."

Alituteremsha hadi kwenye kinamasi cha matete. Walikuwepo kumi na mmoja, wanatembea kwa madaha kama wazee wa kanisa wakipokea sadaka. Mmoja alikuwa na pete yenye namba mguuni. Dakta Renata alichukua darubini, akasoma namba kwa midomo isiyotoa sauti.

"Ameanguliwa kilomita arobaini kutoka kwetu," alisema.

Baba mdogo akauliza swali ambalo mimi sikuwa nimelifikiria. "Huko kwenu anaishije?"

"Kwa sheria. Tangu mwaka sabini na tisa, nchi zetu za Ulaya zimekubaliana. Huwezi kumuua, huwezi kubomoa kiota chake. Na nchi lazima itenge maeneo ya kumlinda. Isipotenga, serikali yenyewe hupelekwa mahakamani."

"Serikali inashitakiwa na korongo?"

"Kwa niaba ya korongo."

Baba mdogo alinitazama kuhakikisha sijaongeza chumvi. "Na inashindwa?"

"Mara nyingi."

"Ndaga!" alisema, akapiga makofi mara moja, peke yake.

Dakta Renata alisema alipokuwa mtoto, viota vya kijijini kwao vilibaki vitupu miaka kumi na minne. Sasa vipo sita vyenye ndege. Hakujisifu. Alisema pia kwamba sheria hiyo ina mapengo. Maeneo yaliyotengwa inayalinda, lakini kwenye mashamba ya kawaida, yanayolimwa kwa trekta na kupuliziwa dawa, ndege wadogo wanazidi kupungua. "Na ikifika mpakani inaishia. Nusu ya mwaka, huyu hana sheria yetu. Ana ninyi tu."

Nilitafsiri neno kwa neno. Nilimwaza huyu mama aliyevuka bara zima kuwaulizia ndege saba aliodhani wamekufa. Nikasema moyoni, Mungu awabariki walioiandika hiyo sheria, popote walipo. Sheria inayoweza kumwamsha mtu kitandani, akafunge begi, si karatasi tupu.

Baba mdogo alijibu kwa namna yake. "Mwambie kwamba mama yangu mzazi alitukataza kuwarushia mawe. Alisema ni wageni. Watoto wa siku hizi wanarusha, sitamdanganya. Lakini mwambie aangalie kule."

Alionyesha mahali ambapo maji ya korongo kubwa yaliingia kwenye kinamasi. Tope jekundu lilikuwa limefunika nusu nzima ya matete. Upande huo hapakuwa na chura wala ndege.

"Yale makorongo yanawaua hawa makorongo," nilimwambia Dakta Renata, na kwa Kiingereza ilibidi nitumie maneno mawili tofauti, ya kusikitisha, yasiyofahamiana kabisa.

Alilielewa hilo haraka kuliko nilivyotegemea. Alikaa nasi siku sita badala ya moja. Jumamosi kijiji kizima kilitoka na miche ya mianzi na vipandikizi vya matete, tukapanda ukingoni mwa korongo la juu na kuziba kwa mawe. Yeye alikuwa ndani ya tope hadi magotini, anapokea mawe kutoka kwa Hosea, akijifunza kusema "ndaga" kila jiwe lilipomfikia.

Jumatatu Fred aliingia kibandani kwangu na karatasi, nyuma yake baba mdogo na Dakta Renata waliokuja kuagana.

"Nichapie hii, mwenyekiti atie sahihi," alisema. Nilisoma. *Mimi Amoni, mwenyekiti wa kijiji, naomba radhi kwa kutoa taarifa potofu iliyoleta taharuki na usumbufu kwa watafiti.*

"Taarifa ipi potofu?"

"Ni utaratibu tu. Faili lazima lioneshe kosa lilitoka wapi."

"Chapa, mwanangu," baba mdogo alisema kwa upole. "Neno tu hilo. Nitie sahihi yaishe, mgeni asiondoke na kinyongo."

Ningechapa, jina lake lingekaa kwenye faili hilo kama la mtu mwongo, na barua ya nne kwa halmashauri kuhusu makorongo ya Suma isingesomwa na yeyote. Dakta Renata aliniuliza karatasi inasema nini. Nikamtafsiria yote, bila kuacha koma.

Alimgeukia Fred. "Swali letu lilikuwa na makosa. Hilo ndilo nitakaloandika. Na nitaandika kwamba mwenyekiti alitujibu vizuri kuliko tulivyouliza." Kisha akanipa daftari lake, nimwandikie maneno mawili, moja chini ya jingine: *wangapi, mangapi*. Akayasoma kwa sauti mara tatu. Baba mdogo alivua kofia.

Walipotoka, Fred alibaki mlangoni, masikio yamemwiva.

"Sawa, mzee haombi. Lakini wewe angalau niombe radhi. Umeniumbua mbele ya bosi."

Nilimwambia ukweli: namshukuru. Asingekosea silabi ile, Dakta Renata asingeliona tope linaloingia bondeni, na mimi nisingejua kwamba ipo nchi ambayo korongo huishitaki serikali akashinda. Namshukuru kwa moyo wote, na nitamsahihishia dodoso lijalo akiniletea.

"Kwa hiyo unaomba radhi?"

"Siombi."