Walichobeba Panya

Sinia lilikuwa tupu. Flora alipiga magoti kwenye sakafu ya stoo ya hoteli, akaliinua, akapitisha kidole pembeni. Hata kichwa cha dagaa hakikubaki. Jana jioni aliliweka hapa nyuma ya friji bovu, limejaa dagaa wakavu aliowachanganya na sumu, na sasa lilikuwa limelambwa likatakata.

Alifurahi, kwa nini asifurahi? Panya hao walikuwa wamemtoa jasho. Walitoboa magunia, walikunya kwenye unga, na mmoja alithubutu kukatiza juu ya meza mbele ya mwalimu aliyekuwa akila sato. Panya wa mji wa samaki hana njaa, ana maringo. Mitego aliyotegewa aliiona ngeni, akawa anaizunguka kwa mbali kama mtu anayepita nyumba yenye mbwa mkali. Ndipo Mama Prosper, mwenye hoteli, alipoenda sokoni kununua sumu kwa Shida, muuza dawa za panya, na Flora akaandamana naye.

Akawasha tochi ya simu atafute mizoga. Hakuona hata mmoja. Alichoona ni dagaa mmoja amelala kando ya ukuta, mbali na sinia, mahali ambapo hakuna mtu aliyemwaga kitu.

Furaha ikamtoka.

Flora alikulia Kiriba, kwenye maghala ya mahindi, na panya alimjua tangu utotoni. Panya si mgeni wa harusi kwamba atakula pale alipoandaliwa. Hunyakua akakimbilia mafichoni, na njia yake ni ile ile siku zote, ukutani, ubavu ukisugua mpaka panabaki mstari mweusi wa mafuta. Flora aliufuata mstari huo kwa tochi. Ulipita chini ya rafu, ukakata kona, ukaishia kwenye gunia la dagaa.

Gunia lilikuwa na tundu kwa chini. Alilifungua mdomo, akachimba kwa mkono mpaka vidole vyake vikagusa kitu laini chenye joto. Kilikuwa kiota cha vipande vya gazeti na nyuzi za gunia, mwenyewe ametoka muda si mrefu. Dagaa walikizunguka pande zote. Wapi wa gunia, wapi wa sinia? Sumu ya Shida haikuwa na rangi wala harufu. Wote walikuwa dagaa tu, wadogo, weupe, macho yamewatoka, kila mmoja pacha wa mwenzake.

"Mungu wangu," Flora alisema.

Maana alfajiri, kabla hajakumbuka sinia, alikuwa amechota dagaa kwenye gunia hilo hilo. Aliwakaanga kwa vitunguu na nyanya, akawajaza kwenye ndoo za wachimbaji wa dhahabu wa Buhemba. Ndoo zilikuwa barazani zimefunikwa, zinasubiri gari. Watu husema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Za Flora siku hiyo zilikuwa zimenyolewa kipara. Kuwategea panya sumu kwa dagaa, ndani ya nyumba inayouza dagaa!

Mama Prosper alikuwa mezani akipanga vikombe, mama mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kufika mpaka sokoni. Ndiye aliyempokea Flora alipotoka kwenye mji wa marehemu mume wake. Wakwe walitaka arithiwe na shemeji, akakataa, akaondoka na nguo alizovaa. Chumba cha nyuma ya hoteli ndicho kilichokuwa nyumba yake, na jiko ndilo lililokuwa shamba lake. Alimpenda Mama Prosper, na alimwogopa kwa kiasi kile kile.

"Mama, zile ndoo za Buhemba zisiende."

"Zimefanyaje?"

Flora akamweleza kuhusu sinia, mstari wa ukutani na kiota. Mama Prosper akaangua kicheko.

"Panya abebe dagaa, apeleke kwenye dagaa? Kwani na yeye ana duka?"

"Anabebaga, Mama. Hata kule kwetu walikuwaga wanatoa mahindi kwenye ghala wanapeleka shimoni. Hawakulagi hapo hapo."

"Umeona panya amekufa? Hata mmoja?"

"Sijaona."

"Basi hiyo sumu ni maji ya ziwa. Shida ametuibia."

"Shida alisema inachelewaga. Alisema panya akifa hapo hapo wenzake wanakiogopa kile chakula, hawakigusi tena. Ndiyo maana inaua polepole." Flora alimsogelea. "Na wewe ulikuwepo, Mama."

Kicheko kikakatika. Ndiyo, alikuwepo. Alikumbuka kila neno, na Flora aliona usoni mwake kwamba anakumbuka. Lakini alikumbuka na mengine. Magige, msimamizi wa chakula kule mgodini, alisharudisha ndoo moja iliyokutwa na kinyesi cha panya. Akasema safari nyingine atatafuta mpishi Bunda. Bila Buhemba hoteli ingefungwa, na hoteli ikifungwa hata chumba cha nyuma kingeondoka. Hayo hayakuhitaji kusemwa.

"Flora, mdogo wangu," Mama Prosper alisema taratibu. "Hujui kama kuna sumu mule."

"Sijui kama hakuna."

Mama Prosper alikwenda barazani, akafunua ndoo, akachota dagaa kwa vidole na kuwatia mdomoni. Alitafuna akimkazia macho. Flora alimkimbilia.

"Mama, tema! Tema, jamani!"

"Nimemeza. Haya, nimekufa?"

Honi ikalia nje. Fred alikuwa amefika na pikapu yake, dereva wa maneno mengi ambaye hakuwahi kubeba ndoo bila kuonja kwanza. Kuonja huko alikuita kodi ya barabara.

"Mama Prosper, shikamoo! Flora, vipi? Kodi yangu iko wapi leo?"

Flora alimtazama Mama Prosper. Neno moja tu lingetosha, na lilikuwa la kusemwa na mwenye nyumba. Mama Prosper aligeukia dirishani, akaanza kufuta kikombe kilichokwisha kufutwa.

Fred akakunja mkono wa shati.

Flora hakukumbuka baadaye jinsi alivyofika jikoni. Alichokumbuka ni uzito wa chepe lililojaa majivu ya moto, na mlio wa majivu yalipoangukia mafuta. Alimwaga kwenye ndoo ya kwanza, akarudi akachota, akamwaga kwenye zilizobaki.

"We mama! Umerogwa?" Fred aliruka nyuma.

"Hizi dagaa zina sumu ya panya, Fred. Niliiweka mimi."

Wateja waliokuwa wakinywa chai walitazama vikombe vyao. Mmoja alisimama, kisha wote. Fred alijifuta mikono kwenye suruali ingawa hakuwa amegusa kitu, akaondoka bila neno, na kwa Fred hilo peke yake lilikuwa msiba. Kabla hajafika Butiama, njiani kwenda Buhemba, simu zingekuwa zimeshamtangulia.

Mama Prosper alisubiri mpaka hoteli ilipobaki tupu.

"Nilikuokota," alisema. Sauti yake kubwa haikuwepo. "Chukua nguo zako. Chumba changu nakitaka leo."

"Sawa, Mama."

Flora aliumia, na hakujua aumie kwa lipi kwanza. Hata hivyo hakwenda chumbani. Aliburuta gunia na ndoo hadi uani, akaanza kuchimba shimo. Ardhi ilikuwa kokoto tupu, jembe likidunda. Makorongo wa mwaloni, ndege wanaovizia mabaki ya samaki ufukweni, walishaona. Walishuka juani mmoja mmoja, wakasimama kando ya ukuta kama wageni waliofika kabla chakula hakijaiva. Angewapa mgongo kidogo tu, wangekula. Basi alichimba kidogo, akainuka kuwafukuza kwa fagio, akachimba tena.

Shimo lilikuwa limefika magotini wakati Mama Prosper alipotoka nje. Alivuta kigoda, akakaa.

"Flora."

"Naam, Mama."

"Shida alisema inachukua muda gani?"

Flora aliliacha jembe. "Hakusema vizuri. Alisema tu siku zitapita." Akasogea karibu. "Twende hospitali, Mama. Sasa hivi. Inawezekana haikuwemo."

"Nitamwambiaje daktari? Kwamba nilikula najua?"

Korongo mmoja alipiga hatua kuelekea kwenye gunia. Flora aliinua fagio kwa mkono mmoja, na ule mwingine akamnyooshea Mama Prosper amshike anyanyuke. Mama Prosper aliutazama mkono huo uliojaa majivu. Vidole vyake mwenyewe bado viling'aa mafuta ya wale dagaa aliowaonja.